Bibi Margaret Beaufort na Mwanawe

1. Koo mbili, kiti kimoja

Karne ya 15 ilikuwa karne ya mashaka katika nchi ya Uingereza. Koo mbili za kifalme, ukoo wa Lancaster na ukoo wa York, zilikuwa zikishindania kiti cha enzi. Zote mbili zilitokana na babu mmoja, Mfalme Edward wa Tatu, aliyefariki mwaka 1377. Kwa hiyo wale waliopigana hawakuwa wageni wao kwa wao, bali ndugu. Vita vyenyewe vilianza mwaka 1455, vikawa vikitulia na kuanza tena kwa muda wa miaka 30. Huitwa Vita vya Mawaridi, kwa kuwa waridi jeupe lilikuwa alama ya York, na waridi jekundu likahesabiwa kuwa alama ya Lancaster.

Siku zile mfalme hakuchaguliwa na raia. Mtu mwenye damu ya kifalme aliweza kudai kiti, na kila aliyeweza kukidai alikuwa tishio kwa yule aliyekikalia. Basi mtoto wa ukoo wa kifalme alizaliwa pamoja na hatari yake. Hakuulizwa kama ataka kuwa mfalme au hataki. Adui zake walitazama damu yake tu. Jambo hili yafaa likumbukwe tangu mwanzo, maana habari zote za Bibi Margaret zimesimama juu yake.

Margaret Beaufort alizaliwa mwaka 1443 huko Bletsoe, kaskazini ya London. Baba yake alikuwa kabaila mkubwa, akafa mwaka 1444, kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na Margaret akarithi mashamba na mali nyingi. Kwa upande wa baba alikuwa kilembwe wa Mfalme Edward wa Tatu. Walakini haki ya ukoo wake ilikuwa na kasoro. Babu yake alizaliwa kabla wazazi wake hawajafunga ndoa. Mwaka 1397 Bunge lilitangaza kuwa yeye na ndugu zake ni watoto halali. Lakini mwaka 1407 mfalme wa wakati ule akaongeza maneno ya kwamba watu wa ukoo huo wasirithi kiti cha enzi. Tena Margaret alikuwa mwanamke, na katika Uingereza ya siku zile hapakuwa na aliyefikiri kumvika mwanamke taji atawale mwenyewe. Kama alikuwa na haki yo yote, ilimpasa kuipitisha kwa mtoto wa kiume.

2. Mama mwenye umri wa miaka 13

Ndoa za makabaila zilipangwa na wakubwa, kama vile watu wapangavyo biashara ya mashamba. Mfalme Henry wa Sita, wa ukoo wa Lancaster, alikuwa na ndugu wawili kwa mama, Edmund na Jasper Tudor, ambao baba yao alikuwa mtu wa Wales. Mwaka 1455 Margaret akaozwa kwa Edmund. Binti alikuwa na miaka 12, na mumewe alikuwa mtu mzima aliyepita miaka 20.

Mwaka uliofuata Edmund alikamatwa na watu wa York huko Wales. Akaachiliwa, lakini muda si mrefu akashikwa na tauni, akafa mwezi wa Novemba 1456. Margaret alikuwa mja mzito. Akaenda kukaa katika ngome ya Pembroke kwa shemeji yake Jasper, na humo, tarehe 28 Januari 1457, akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Henry.

Mama huyo alikuwa na miaka 13 tu. Mwili wake ulikuwa mdogo na haujakomaa, na kuzaa kulimdhuru sana. Baadaye aliolewa tena mara mbili, lakini hakupata mtoto mwingine maisha yake yote. Henry akawa mwana wa pekee. Watu husema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na Margaret aliujua akiwa yeye mwenyewe bado ni mtoto. 

3. Mtoto aliyenunuliwa

Mwaka 1458 Margaret aliolewa na kabaila aliyeitwa Henry Stafford. Miaka mitatu haijapita sana, Edward wa York akawashinda watu wa Lancaster, akatawazwa mwaka 1461 kwa jina la Edward wa Nne. Ngome ya Pembroke ikatwaliwa. Jasper akakimbia, na mtoto Henry, aliyekuwa na umri wa miaka 4, akatiwa mikononi mwa kabaila wa York, William Herbert, aliyelipa pauni 1,000 ili apate haki ya kumlea.

Ulezi wa namna hiyo ulikuwa biashara. Mlezi wa yatima mwenye mali aliyatumia mapato yake, na akiisha kukua, akamwoza amtakaye. Herbert alikusudia kumwoza Henry binti yake mwenyewe. Hakumtesa, alimlea vema katika ngome ya Raglan, akampa walimu na chakula kizuri. Lakini mama hakuwa na amri juu ya mwanawe. Aliweza kumpelekea wajumbe na kwenda kumtazama, kisha kurudi kwake bila yeye.

Mwaka 1469 Herbert alishindwa vitani, akauawa. Mwaka 1470 mambo yakageuka: Edward alifukuzwa, na Mfalme Henry wa Sita akarudishwa kitini. Ndipo Margaret alipokaa pamoja na mwanawe majuma machache. Lakini furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1471 Edward alirudi na jeshi, akashinda huko Barnet, kisha huko Tewkesbury. Mwana wa pekee wa Henry wa Sita akauawa huko Tewkesbury, na mfalme mwenyewe akafa katika Mnara wa London, ngome walimofungwa watu wakubwa.

Hapo kijana Henry Tudor akawa mtu wa namna nyingine. Wenye haki iliyo kubwa kuliko yake walikuwa wamekufa, na watu wa Lancaster waliobaki wakaanza kumtazama yeye. Heshima hiyo ilikuwa ya hatari kuliko ugonjwa. Jasper akamchukua, wakapanda chombo huko Tenby wakitaka kwenda Ufaransa. Dhoruba ikawapeleka Brittany, iliyokuwa wakati ule nchi yenye mtawala wake, jina lake Francis. Francis akawapokea, akawaweka kama wageni na kama mateka pamoja, maana alijua kuwa mfalme wa Uingereza atawataka. Henry alikuwa na miaka 14. Tangu siku zile za mwaka 1470 mama yake hakumwona tena kwa muda wa karibu miaka 15.

4. Mama anayengoja

Mume wake Stafford alijeruhiwa vitani Barnet, akafa mwaka ule ule wa 1471. Mwaka 1472 Margaret aliolewa na Thomas Stanley, kabaila mwenye askari wengi upande wa kaskazini ya magharibi, aliyeaminiwa na Mfalme Edward. Ndoa hii ilikuwa na shauri ndani yake. Mwanamke mwenye mtoto uhamishoni alihitaji mume anayesikilizwa nyumbani kwa mfalme. Kwa njia hiyo Margaret akaingia katika jamaa ya watu wa ikulu, akamtumikia malkia wa York, akaonyesha adabu na utii kwa watu waliomfukuza mwanawe.

Je, katika miaka hiyo alikuwa akipanga kumfanya mwanawe mfalme? Matendo yake hayaonyeshi hivyo. Mfalme Edward alikuwa na nguvu, na alikuwa na wana wawili. Mwaka 1476 alikaribia kumpata Henry: Francis alikubali kumtoa, kijana akapelekwa mpaka bandari ya St. Malo, huko akashikwa na homa, safari ikakawia, akapata kukimbilia kanisani akaokoka. Lakini Margaret aliendelea kushika njia ya maneno. Mwaka 1482, mbele ya mfalme, yaliandikwa mapatano juu ya mirathi ya mama yake Margaret: Henry angepata fungu lake kama angerudi Uingereza na kuwa mtiifu kwa mfalme. Mtu anayenyemelea kiti haandiki mapatano ya namna hiyo. Alichokitaka kilikuwa kumrudisha mtoto nyumbani, apate mali ya baba zake, akae katika nchi yake bila kuogopa.

5. Mwaka wa 1483

Tarehe 9 Aprili 1483 Mfalme Edward alikufa ghafula. Mwanawe mkubwa, Edward wa Tano, alikuwa na miaka 12, na mdogo wake Richard alikuwa na miaka 9. Baba yao mdogo, aliyeitwa Richard pia, akawekwa kuwa mlinzi wa mfalme mtoto. Badala ya kumlinda, alitangaza kuwa ndoa ya wazazi wake haikuwa halali, akajitwalia kiti mwenyewe. Watoto wote wawili waliwekwa katika Mnara wa London. Hata mwisho wa kiangazi hawakuonekana tena, na watu wengi wakaamini kuwa wameuawa.

Tarehe 6 Julai Richard wa Tatu akatawazwa. Katika sherehe hiyo Margaret alitembea nyuma ya malkia mpya, akishika pindo refu la vazi lake. Watu wote waliiona heshima hiyo. Lakini kabla majani hayajapukutika mitini, mwanamke yule yule alikuwa katika njama ya kumwondoa mume wa malkia huyo.

Maana sasa mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa wazi. Watu wengi wa York walimchukia Richard kwa ajili ya watoto wale. Mjane wa Mfalme Edward, Malkia Elizabeth, alikuwa amekimbilia kanisa la Westminster pamoja na binti zake, kwa kuwa sheria ilikataza mtu kukamatwa humo. Margaret alikuwa na tabibu mmoja, Lewis, mtu wa Wales, ambaye alimtibu malkia mjane pia. Tabibu huingia mahali ambapo mjumbe hawezi kuingia. Akaenda Westminster kama aendaye kumwona mgonjwa, akapeleka maneno ya Margaret: Henry Tudor na amwoe binti mkubwa wa malkia, aliyeitwa Elizabeth kama mama yake, ili waridi jekundu na waridi jeupe ziwe nyumba moja, na Richard aondolewe. Malkia mjane akakubali.

Kisha Margaret akamtumia Reginald Bray, msimamizi wa mali yake, kupeleka habari kwa Buckingham, kabaila mkubwa aliyekuwa rafiki wa Richard na sasa amemgeuka. Fedha nyingi zikapelekwa Brittany ili Henry apate vyombo na askari. Mwezi wa Oktoba uasi ukaanza. Lakini mvua kubwa ikanyesha, mto Severn ukafurika, jeshi la Buckingham likashindwa kuvuka, likatawanyika. Tarehe 2 Novemba Buckingham akakatwa kichwa. Merikebu za Henry zilitawanywa na dhoruba, naye akarudi Brittany mikono mitupu.

Tabibu Lewis akafungwa katika Mnara wa London. Huko kifungoni akaendelea na elimu aliyoipenda, akaandika majedwali ya mwendo wa jua na mwezi.

Margaret naye akatangazwa kuwa mhaini. Kwa desturi mhaini aliuawa, lakini Richard alimhitaji Stanley na askari wake, akamhifadhi mkewe kwa ajili ya mume. Mwaka 1484 Bunge likamnyang'anya mali yake yote na kumpa mumewe. Stanley akaamriwa amweke nyumbani mbali na watumishi wake, asiweze kupeleka habari kwa mwanawe. Mwanamke aliyerithi mali nyingi tangu utoto akabaki bila shamba wala sauti.

6. Vita vya Bosworth

Walakini watu aliokuwa amewavuta upande wake hawakuacha kazi. Siku ya Krismasi 1483, katika kanisa kuu la Rennes, Henry aliapa mbele ya Waingereza waliomkimbilia kuwa atamwoa Elizabeth wa York. Mwaka 1484 waziri mmoja wa Brittany alifanya shauri la kumwuza kwa Richard. Habari zikamfikia askofu John Morton, rafiki wa Margaret, naye akamtuma kasisi Christopher Urswick amwonye Henry. Henry akavaa nguo za mtumishi, akapanda farasi, akavuka mpaka wa Ufaransa kabla waliomfuata hawajamfikia.

Tarehe 1 Agosti 1485 akatweka kutoka Ufaransa na askari wa kukodiwa na Waingereza wachache, na tarehe 7 akashuka pwani ya Wales, karibu na Milford Haven. Akaipita nchi ya baba yake, watu wakiongezeka njiani. Tarehe 22 Agosti akakutana na Mfalme Richard karibu na Bosworth, katikati ya Uingereza. Jeshi la mfalme lilikuwa kubwa kuliko lake.

Kulikuwa na jeshi la tatu. Askari wa Thomas Stanley na ndugu yake William walisimama kando wakitazama. Richard alikuwa amemshika mwana wa Thomas, aliyezaliwa na mke wake wa kwanza, awe rehani; baba akimwasi mfalme, kijana afe. Basi Margaret alikuwa amemtia mume wake katika mizani ya ajabu: upande huu mtoto wa mkewe, na upande huu mtoto wake mwenyewe. Stanley hakusogea.

Richard alimwona Henry akiwa na walinzi wachache, akamwendea mbio na wapanda farasi wake ili kumaliza vita kwa pigo moja. Akamwua mchukua bendera aliyekuwa karibu na Henry. Ndipo William Stanley alipoingia na watu wake upande wa Henry. Richard akazungukwa, akauawa akipigana, naye alikuwa na miaka 32. Mwaka 2012 mifupa yake ilichimbuliwa katika mji wa Leicester, ikazikwa upya kwa heshima mwaka 2015. Kijana aliyekuwa rehani akaokoka. Na masimulizi husema kuwa taji liliokotwa uwanjani, na Thomas Stanley akamvika Henry.

7. Furaha na machozi

Henry wa Saba alitawazwa tarehe 30 Oktoba 1485. Askofu John Fisher, aliyekuwa mwungamishi wa Margaret katika uzee wake, alisimulia baada ya kifo chake kwamba siku ile ya kutawazwa mama alilia sana. Wala hayakuwa machozi ya furaha peke yake. Alikuwa amewaona wafalme wakipanda na kushuka, akaogopa kuwa baada ya heri hiyo itakuja shari. Kabla ya hapo mwanawe alikuwa mtu anayewindwa kwa kuwa aweza kudai kiti. Sasa alikuwa mtu anayewindwa kwa kuwa amekikalia.

Tarehe 18 Januari 1486 Henry akamwoa Elizabeth wa York, na koo mbili zikawa moja. Bunge lilimpa Margaret haki ambayo wanawake wachache walioolewa walikuwa nayo, yaani kumiliki mali yake, kununua, kuuza na kushtaki kwa jina lake mwenyewe, bila mumewe. Akawa mshauri mkubwa wa mfalme. Tangu mwaka 1499 alitia sahihi kwa jina lake na herufi R, iwezayo kusomwa kuwa Richmond, jina la enzi yake, au kuwa neno la Kilatini maana yake malkia.

Mali yake aliitumia kwa elimu. Mwaka 1505 alianzisha Christ's College katika chuo kikuu cha Cambridge, na fedha za urithi wake zikaanzisha St John's College mwaka 1511. Alifasiri kitabu cha dini kutoka Kifaransa, akawasaidia wapiga chapa wa kwanza wa London. Tena hakusahau mambo ya ujana wake. Mfalme wa Uskoti alipotaka kumwoa mjukuu wake, aliyeitwa Margaret kama yeye, bibi huyo alisimama pamoja na Malkia Elizabeth wakamsihi Henry asimtoe binti angali mdogo, wakiogopa kuwa mume hatangoja na binti ataumizwa. Mjukuu akakaa kwao mpaka mwaka 1503, akaenda Uskoti akikaribia miaka 14.

8. Mtoto wa mwingine

Habari hizi zingeweza kuishia hapa, na mtu angesema: Mvumilivu hula mbivu. Lakini kuna mtoto mwingine ambaye haifai kumpita.

Siku ya vita vya Bosworth palikuwa na mvulana mwenye umri wa miaka 10, jina lake Edward, kabaila wa Warwick. Alikuwa mtoto wa ndugu yao Edward wa Nne na Richard wa Tatu. Kwa hiyo kwa upande wa York alikuwa na damu ya kifalme iliyo safi kuliko ya Henry Tudor. Mama yake alikufa mwaka 1476, na baba yake aliuawa kwa amri ya mfalme mwaka 1478. Hakuwa na kosa lo lote. Henry, mara baada ya kushinda, alituma watu wakamchukue. Kwa muda aliwekwa katika ulezi wa Margaret mwenyewe, pamoja na watoto wengine wa makabaila. Kisha akapelekwa katika Mnara wa London.

Akakaa humo tangu utoto hata akawa mtu mzima. Tarehe 28 Novemba 1499 akakatwa kichwa, kwa mashtaka kwamba amefanya shauri la kutoroka na kumpindua mfalme. Alikuwa na miaka 24. Henry Tudor alikaa uhamishoni miaka 14, kwa sababu ya damu yake. Edward wa Warwick alikaa kifungoni miaka 14, kwa sababu ya damu yake. Wa kwanza alikuwa na mama aliyetuma wajumbe, aliyetoa fedha, aliyetia maisha yake hatarini. Wa pili hakuwa na mtu wa kumwombea.

Hakuna andiko linaloeleza Margaret alifikiri nini siku ile. Lakini mtu akiyaweka mambo haya mawili pamoja ataona jinsi tamaa ya enzi inavyokua. Haikuanza kwa kiburi. Ilianza kwa mama mdogo aliyetaka mtoto wake awe salama. Kwanza alitaka amwone. Kisha alitaka arudi. Kisha, njia zote nyingine zilipofungwa, akaona kuwa mahali pa pekee penye usalama ni juu ya kiti chenyewe. Na kiti kilipopatikana, ikabidi kilindwe; na kulindwa kwake kulidai maisha ya mtoto wa watu wengine, ambaye hatia yake ilikuwa ile ile aliyozaliwa nayo Henry.

Si haki kumwita Margaret mwanamke mbaya. Alikuwa hodari, mwaminifu kwa mwanawe, mpenda elimu, mwenye huruma kwa mjukuu wake. Wala si haki kumsifu kana kwamba ushindi wake haukumgharimu mtu. Ubaya mkubwa ulikuwa katika desturi iliyofanya kiti kimoja kuwa kimbilio la mmoja na kaburi la mwenziwe.

Henry wa Saba alikufa tarehe 21 Aprili 1509. Mama yake alikuwa hai bado, akaona mjukuu wake, Henry wa Nane, akitawazwa tarehe 24 Juni. Siku tano baadaye, tarehe 29 Juni, Margaret naye akafa, akiwa na miaka 66. Kaburi lake li katika kanisa la Westminster, karibu na la mwanawe.

Maneno

Kabaila: mtu mwenye cheo na mashamba makubwa katika nchi ya wafalme.
Kilembwe: mtoto wa kitukuu.
Rehani: kitu, au mtu, anayeshikwa ili mwingine atimize neno lake.
Mhaini: mtu anayeisaliti serikali au mfalme wake.
Mwungamishi: kasisi anayepokea maungamo ya mtu.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa ukoo wa kifalme alikuwa katika hatari hata kama hakutaka kutawala?
2. Haki ya ukoo wa Beaufort ilikuwa na kasoro gani?
3. William Herbert alipata faida gani kwa kumlea Henry?
4. Mapatano ya mwaka 1482 yanaonyesha nini juu ya nia ya Margaret wakati ule?
5. Eleza kazi aliyoifanya tabibu Lewis katika mwaka 1483.
6. Kwa nini Richard hakumwua Margaret baada ya uasi kushindwa?
7. Thomas Stanley alikuwa katika shida gani siku ya vita vya Bosworth?
8. Andika habari za Edward wa Warwick kwa maneno yako mwenyewe. Maisha yake yalifanana na ya Henry kwa mambo gani, na yalitofautiana kwa mambo gani?
9. Zungumzeni darasani: Margaret alipaswa kukoma wapi? Kila mwanafunzi atoe sababu zake.